Mimbari Iliyommeza Mama Jumwa

Munga, seremala wa Chaani, aliipima mimbari mpya ya kusomea Neno kwa kimo cha mchungaji, akasahau kwamba msomaji wa kila Jumapili ni Mama Jumwa, mfupi kama kinu. Siku ya kwanza mama akapanda, akamezwa mzimamzima. Ikabaki sauti tu nyuma ya mbao. Munga alitamani ardhi ipasuke.

Ibada ilipokwisha alimkimbilia. “Shikamoo, Mama. Niwie radhi, kesho naikata.”

“Marahaba. Ukiikata tutakosana!” Mama alicheka, akijitanda leso yake vizuri mabegani. “Miaka yote nikisimama pale wazi, wanawake husoma maandishi ya leso yangu. Leo ndiyo mara ya kwanza wamesikiliza Neno.”