Unyayo kwenye Kizingiti

Mwaka wa sabini na nane, kanisa letu hapa Kilungu lilimwambia mama yangu, Syokau, afunge ndoa upya na baba, la sivyo aachie uenyekiti wa akina mama. Kitabu cha ndoa kilikuwa kimeungua pamoja na kanisa la kwanza, mawe yake yakabebwa kujengea nyumba, na mahali penyewe pakalimwa. Mashahidi wote walishakufa. Mama alifura.

"Nikifunga Jumapili," alimwambia baba, "hii miaka yote arobaini tulikuwa tunafanya nini?"

"Tufunge tu, Mama Kavata. Suti nimeshaomba kwa Nzioka."

Baba yangu, Ndolo, ni mtu wa amani, na amani yake ilinitia hasira hata mimi.

Alhamisi, zamu ya mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ilikuwa shambani kwa Nzioka huyo huyo. Akina mama thelathini tulichimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko huku tukiimba na kurusha udongo upande wa juu. Mama alikataa kufuata kamba ya kupimia. Alishuka hatua kumi, akaanza kuchimba peke yake. Tulimcheka, mimi binti yake Kavata nikiwa wa kwanza. Kisha jembe lake likagonga kitu kigumu.

Tulifukua kizingiti cha saruji, cha mlango wa lile kanisa lililoungua. Pembeni palichorwa tarehe, 3-9-38, ile ile mama aliyowatajia wazee wa kanisa wakatikisa vichwa. Katikati palikuwa na unyayo wa mguu wa kulia, wenye vidole vinne.

Mama aliketi kwenye udongo. "Simiti ilikuwa mbichi siku ya harusi. Mzungu aliyetufungisha akasema turuke. Mimi nikaruka. Baba yenu, macho yote kwangu, akakanyaga."

Nilikimbia kumwita baba, naye Ndinda jirani yetu akamkimbilia pasta. Baba alivua kiatu mbele ya watu wote. Kidole chake cha mwisho kililiwa na funza akiwa mtoto. Mguu uliingia pale sawasawa, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa Nzioka wakakata kamba.

Pasta alikohoa. "Basi, hakuna harusi Jumapili."

"Na suti?" baba akauliza, kiatu mkononi.

Mama alijifuta machozi kwa leso.

"Vaa tu. Hata mimi ile siku sikukuona vizuri. Nilikuwa naangalia chini, nisikanyage."