Kitambaa cha Buluu kwenye Mlimau

Mlimau ulikuwa umetoa maua kwa mara ya kwanza tangu mama yake fundi afariki, na sisimizi walikuwa wameuvamia kana kwamba wao ndio wenye nyumba. Majani machanga yalijikunja na kunata. Fundi, ambaye cherehani yake ilitazamana na mti huo dirishani, akaacha gauni la watu bila mikono, akatoka kutazama.

"Jumamosi napiga dawa," alisema mumewe, dereva mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu akishaanza jambo hasimami. Chupa ya sumu ilikuwa tayari juu ya kabati.

"Baba watoto, utaua na nyuki! Wasipokuja kwenye maua, malimau yatatoka wapi?"

"Basi una siku nne. Jumamosi asubuhi nashika pampu."

Fundi alimjua mtu wake, akaogopa kwelikweli. Mama yake aliupanda mti huo kwa mkono wake, na hakumwachia kitu kingine kilicho hai.

Siku hiyohiyo alipangusa shina kwa siki. Sisimizi wakapotea njia, wakagongana vichwa, na kufikia jioni walikuwa na njia mpya. Akamwaga mdalasini, wakauzunguka. Akachora mstari kwa chaki yake ya kukatia nguo. Hapo walisimama wakashauriana, kisha mmoja akaufuata mstari mpaka ulipokomea, na wenzake nyuma yake. Fundi alicheka peke yake. Hasira zilikuwa zimemtoka, sasa alitaka kujua tu. Huko juu wanafuata nini, hawa?

Akavaa miwani ya kutungia uzi, akageuza jani. Chini yake vidukari walibanana, wadogo kuliko ufuta, wakinyonya utomvu. Sisimizi mmoja alimpapasa kidukari mgongoni, kidukari akatoa tone, sisimizi akalinywa.

"Kumbe mnafuga!" alisema kwa sauti, mpaka Breki akachungulia kuuliza anaongea na nani.

Kidudu chekundu chenye madoa meusi kilitua na kuanza kula vidukari. Sisimizi walikitimua mbio. Basi, fundi akawaza, wachungaji wasipopanda, huyu mwekundu atanifanyia kazi. Akaukung'uta mti vizuri sisimizi wadondoke, akafunga shinani ukanda wa bitana, akaupaka mafuta ya mgando. Sisimizi walifika, wakaonja, wakarudi chini. Akaenda kumalizia mikono ya gauni roho ikiwa kwatu.

Ijumaa asubuhi walikuwa juu tele. Kwenye ukanda hakunasa hata mmoja.

Fundi aliukagua mti kama anavyokagua mshono unaofumuka. Hakuna jani lililogusa ukuta. Mwishowe akamfuata sisimizi mmoja aliyeshiba, kutoka kwenye jani hadi kwenye tawi, kutoka kwenye tawi hadi kwenye kitambaa cha buluu kilicholifunga tawi hilo kwenye msumari wa ukutani. Walipita juu yake msururu mzima, wengine wakienda, wengine wakirudi.

Alikuwa amekagua kila kitu isipokuwa hicho. Mama yake, fundi naye, alilifunga tawi hilo lilipolegea, kwa fundo lake la mizunguko mitatu, mwezi mmoja kabla ya kufa. Ukuta ulipopakwa rangi baada ya msiba, fundi alimsimamia mpakaji rangi asikiguse. Sasa alikisogelea, akaona tawi limenenepa na gome limevimba huku na huku. Kitambaa kilikuwa kinalikaba.

Alitoa mkasi mfukoni, akaurudisha. Akaketi chini, akalia kidogo. Kisha akachukua sindano nene, akalilegeza fundo mzunguko mmoja mmoja, kama anayefumua kazi ya mwalimu wake. Tawi likashuka kidogo tu, likatulia. Akaukung'uta mti tena.

Jumamosi Breki alitoka na pampu mgongoni. Juu ya majani vidudu vyekundu vitatu vilikuwa vinakula bila bughudha, na nyuki walikuwa kwenye maua. Mkewe alikuwa amepiga magoti, anaondoa bitana shinani na kuweka kile kitambaa cha buluu, vidole vimejaa mafuta.

"Hicho si cha mama?" Breki aliuliza. "Utakiharibu."

"Kwani mama alikifunga kiwe pambo, baba watoto? Alikifunga kifanye kazi."

Breki akaitua pampu, akapiga magoti naye, akamshikia ncha moja ili apige fundo. Mizunguko mitatu.