Kati ya Saa Mbili na Saa Kumi na Mbili

Jumanne saa moja na robo asubuhi Beryl Stathers alifungua kabati la jikoni, akainama, akasoma kipimo cha boila inayopasha nyumba yake joto. Mshale ulikuwa kwenye sifuri nukta sita. Jana yake alikuwa ameuacha kwenye moja na nusu. Akafungua vikoki viwili vyeusi vilivyo chini ya boila, maji yakaingia kwa mluzi mwembamba, akaungoja mshale upande, akavifunga. Kazi ya nusu dakika. Kisha akateleka birika la chai.

Presha ya maji ilikuwa ikishuka hivyo kila siku tangu katikati ya Novemba, na Beryl alikwisha kutafuta yanakovujia. Alipitisha karatasi ya chooni chini ya kila rejeta, yale mabamba ya ukutani yanayotoa joto, sebuleni, chumbani na kwenye korido, na kila mara karatasi ilitoka kavu. Alipapasa zulia kwa magoti. Mwanamke aliyepika miaka ishirini na sita katika jiko la shule hapotezi maji bila kujua yamekwenda wapi, na jambo hilo lilimuudhi kuliko baridi yenyewe.

Darek, Mpolandi wa ghorofa ya juu, alikuwa na shida hiyohiyo. Walikutana kwenye ngazi, yeye akirudi kutoka dukani na mkate kwapani.

"Na yako imeshuka?" Beryl akauliza.

"Imeshuka mpaka boila imegoma. Mke wangu ameoga maji ya barafu, akanitukana kwa lugha mbili."

"Na huoni tone popote?"

"Hata la dawa. Ila Bi Beryl, hebu njoo uangalie dirisha la nyumba namba nne."

Wakatoka nje. Usiku wa kuamkia siku hiyo jiji zima la Hull, huko Uingereza, lilikuwa limeshikwa na barafu. Ilikuwa juu ya magari, juu ya mapipa ya taka na juu ya kila dirisha la jengo, isipokuwa dirisha la namba nne. Kioo chake kilikuwa na mvuke kwa ndani, na kingo yake ilikuwa ikichuruzika maji.

Namba nne haikuwa na gesi. Bwana Clifford Blenkin, mpangaji wake, alipofariki, mwezi wa Februari, shirika la nyumba linalopangisha jengo lile lilikata bomba na kung'oa mita. Tena hapakuwa na bomba lolote la maji kati ya nyumba na nyumba. Kila mpangaji ana boila yake, na maji yake huzunguka humohumo mwake.

"Basi ni yeye," alisema Beryl.

"Ni yeye tu," alisema Darek, akapanda ngazi kwenda kunywa chai.

Beryl alibisha hodi namba nne. Bwana Blenkin alifungua akiwa amevaa koti lake zito na kofia ya sufu, vilevile alivyovaa siku za mwisho. Beryl alikuwa amehudhuria mazishi yake, tena ndiye aliyetengeneza mikate ya nyama iliyoliwa baadaye, kwa hiyo hapakuwa na la kuulizana juu ya hilo.

"Bi Stathers! Nilidhani ni fundi."

"Ni mimi tu. Hujambo?"

"Sijambo. Tunasukuma siku. Ingia, ingia, usiache joto litoke."

Walikuwa majirani kwa miaka kumi na tisa, ukuta mmoja kati yao, na hii ndiyo mara ya kwanza Beryl kuvuka kizingiti chake. Watu wa jengo lile husalimiana mpaka nywele zikawa nyeupe bila kuonana sebuleni, na jambo hilo huliita heshima.

Ndani kulikuwa na joto la kuvua sweta. Rejeta ilikuwa haishikiki. Jikoni, chini ya boila, bomba la gesi lilikuwa limekatwa na kuzibwa, na mshale wa kipimo ulisimama kwenye moja na nusu.

"Sasa presha inakaa," alisema Bwana Blenkin kwa fahari kidogo. "Zamani ilikuwa ikiniangusha. Nanyi huko mnapata ya kutosha?"

"Tele," alisema Beryl. "Wala usiwe na wasiwasi."

Kwenye rafu, kando ya saa, ilisimama kadi ndogo ya shirika la nyumba. *Tulifika saa 5:20 asubuhi. Hatukukuta mtu.* Beryl aliijua kadi hiyo. Ilisomwa kwa sauti mbele ya afisa aliyechunguza kifo.

Mwezi ule wa Februari boila ya Bwana Blenkin ilishuka hadi sifuri, ikagoma. Alipiga simu, akaambiwa angoje fundi kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Akangoja. Kila siku alivaa akakaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, na hakwenda hata kununua maziwa, fundi asije akamkosa. Alingoja siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Darek alimkuta palepale kitini. Katika ripoti ikaandikwa kwamba fundi alitumwa siku ya tisa, lakini mpangaji hakuwepo nyumbani.

Huo ulikuwa uongo, na Beryl alijua. Asubuhi hiyo ya siku ya tisa alikuwa jikoni akimenya viazi. Kuta za jengo lile ni nyembamba, na alimsikia Bwana Blenkin akikohoa, akikoroga chai. Hakuna aliyegonga. Kadi ilisukumwa tu kwenye tundu la barua, na nyayo zikashuka ngazi mbiombio. Beryl aliyasema hayo mbele ya afisa, akashukuriwa, na ripoti ikabaki ilivyokuwa. Tangu hapo alikuwa na haja moja tu: iandikwe mahali, popote, kwamba mtu yule alikuwepo.

Lakini lililomuuma zaidi hakulisema mbele ya afisa. Siku ya sita ya kungoja kwake Bwana Blenkin alikuja kumgongea. Alisimama mlangoni ndani ya koti na kofia, akazungumzia mapipa ya taka, akazungumzia upepo, akamshukuru, akaenda zake. Alikuja kuomba msaada akashindwa kuomba, maana hakupenda kumsumbua mtu. Beryl naye aliliona lile koti. Alivijua vile vikoki viwili vya boila kama anavyovijua vijiko vyake; ingekuwa kazi ya nusu dakika. Hakumuuliza, asije akaonekana mdaku. Alifunga mlango akarudi kwenye supu yake.

Mchana wa Jumanne hiyo Beryl alipiga simu kwenye shirika la nyumba, akasikilizishwa muziki kwa dakika arobaini.

"Kazi ya boila ya namba nne bado iko wazi kwenye kompyuta," alisema binti wa simuni. "Ndiyo maana hatujaweza kumpa nyumba mtu mwingine. Lakini hapa naona mpangaji amefariki, mpenzi."

"Ndiyo. Mwezi wa pili."

"Pole sana. Atakuwepo nyumbani kufungua mlango?"

"Yupo kutwa. Hatoki."

"Basi sawa. Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni."

Alhamisi Beryl alifika namba nne saa moja na nusu, na sahani ya biskuti. Bwana Blenkin alikuwa amekwisha kuchana nywele. Walikaa wakiutazama mlango. Mzee alimsimulia jinsi alivyofunga madirisha ya karavani, zile nyumba za kukokotwa na gari, kiwandani kwa miaka thelathini, na kwamba dirisha likifungwa vizuri upepo huomba radhi. Beryl alicheka. Mara mbili alifungua kinywa aseme habari ya lile koti, na mara mbili akasema habari ya biskuti.

Saa nane na dakika kumi mlango uligongwa. Bwana Blenkin aliinuka upesi, akafungua kabla ya pigo la pili.

Fundi aliitwa Shaun, mtu mnene mwenye begi na uchovu. Alimpa mzee mkono, akashtushwa na ubaridi wake, akaenda jikoni.

"Presha safi kabisa," alisema. "Moja na nusu. Ila bomba la gesi limekatwa."

"Mlikata wenyewe," alisema Beryl.

"Sikatai, mama. Mimi nahitaji sahihi tu."

Akamnyooshea Bwana Blenkin kishikwambi. Mzee alivaa miwani, akaweka kidole, akaandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi. Kioo kilibaki kitupu. Akapangusa kidole kwenye koti, akajaribu tena. Kikabaki kitupu.

"Hakitambui vidole vya baridi," alisema Shaun. "Huwa hivi, hata kwa walio hai."

"Basi andika kwamba alikuwepo," alisema Beryl. "Ndilo nililokuitia. Andika: nimefika, amefungua mlango mwenyewe."

Shaun alimgeuzia kioo ili aone. "Hakuna pa kuandika, mama. Kuna vitufe vitatu. Hiki cha 'Kazi imekwisha' hakitakubali bila sahihi. Hiki cha 'Kipuri hakuna', nitaulizwa kipuri gani. Kinabaki hiki."

"Kinasemaje?"

"Hatukukuta mtu."

"Si huyu hapa!"

"Namwona, mama. Nimempa mkono." Alimtazama Bwana Blenkin, na uso wake ulionyesha kwamba ameona haya. "Samahani, mzee. Nina nyumba kumi na moja zinaningoja."

Akabonyeza. Akatoa kadi mfukoni, akaijaza kwa kalamu, na kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, akamkabidhi mkononi. *Tulifika saa 8:10 mchana. Hatukukuta mtu.*

Bwana Blenkin aliisoma mpaka mwisho, kisha akaisimamisha kwenye rafu karibu na ile ya kwanza. Akaziweka sawa, zisipishane.

"Huenda nilichelewa kufungua," alisema.

Beryl alimgeukia. "Ulikuwepo, Cliff," alisema. Hakuwa amewahi kumwita jina hilo. "Ulikuwepo mara zote mbili. Na mimi nililiona koti lako siku ile, nisikuulize."

Bwana Blenkin aliitazama sahani ya biskuti.

"Sikutaka kukusumbua," alisema.

"Najua. Bora ungenisumbua."

Ijumaa saa moja na robo asubuhi mshale wa Beryl ulikuwa kwenye sifuri nukta nne. Juu ya dari alisikia maji ya Darek yakijazwa, na Darek akiimba. Beryl alifungua vikoki vyake viwili, akauacha mshale ufike moja na nusu, kisha akauacha uendelee, kwa sababu redio ilikuwa imetangaza theluji. Upande wa pili wa ukuta rejeta ilianza kugonga ikipata moto. Kiti kilivutwa kuelekea mlangoni. Saa mbili ilikuwa karibu.