Mume wa Ailie Aliyetoka Kwenye Programu ya Kodi

Ailie Korpela alijaza kodi yake Jumapili moja ya Machi, baada ya kuzoa theluji mlangoni, huku supu ya samaki ikichemka. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, hajawahi kuolewa. Kila mwaka alitumia programu ileile ya kompyuta kwa sababu ilimsalimu kwa jina, na nyumba ile haikuwa na mwingine wa kumsalimu. Programu ilimuuliza kama kuna lililobadilika tangu mwaka jana. Akabonyeza hapana.

Aprili ikaja barua ya jimbo. Marejesho yake ya kodi yamebadilishwa: yeye na mumewe, Duane, wamehesabiwa pamoja, na hela yote aliyokuwa arudishiwe imekatwa kulipia deni la Duane la matunzo ya mtoto. Jioni hiyohiyo Duane akabisha hodi, sanduku mkononi.

"Samahani, nimechelewa," alisema.

Ailie akamwambia akung'ute viatu.

Duane alikuwa na miaka sitini na tisa, fundi magari. Zaidi ya hapo hakuwa na habari zake mwenyewe, maana programu haikuuliza. Hakumjua mama yake. Hakujua kama anapenda vitunguu. Huyo mtoto wa deni hakumkumbuka hata sura, na jambo hilo lilimuuma kweli kweli. Ailie akamfundisha maisha kidogo kidogo: kahawa isiyo na maziwa, kuoga mvuke wa sauna kila Jumamosi, na kunyamaza utabiri wa hali ya hewa unaposomwa redioni.

Jirani yake, Bev, alileta sinia la viazi na nyama ya kusaga.

"Kumbe umeolewa, shoga, na hukunialika?"

"Hata mimi sikualikwa," alisema Ailie.

Sasa, hela ile ilikuwa ya kununulia tanuri la kupashia nyumba joto, maana la zamani lilikuwa limekufa Februari. Bev akamshauri apeleke pingamizi, aandike kwamba hana mume, atarudishiwa. Ila akiandika tu, Duane ataondoka. Hilo lilijulikana. Mzee mmoja wa mji wa jirani aliandika, mkewe aliyeletwa na programu ileile akatoweka na kijiko mdomoni. Ailie akaiacha fomu hivyohivyo. Wakawa wanalala na makoti, mgongo kwa mgongo, na nisiwafiche, mwanamke yule alikuwa na furaha mpaka akaionea aibu.

"Andika tu, bibi wewe," Duane alimwambia asubuhi moja. "Baridi itakuua."

"Ingetaka kuniua ingeniua nikiwa peke yangu. Kula."

Septemba wenye programu wakatangaza kwamba wamesahihisha kosa kwa watu wote, bila mtu kuhitaji kufanya lolote. Duane alikuwa anamenya viazi. Kisu kikaanguka sakafuni. Ailie akamenya vilivyobaki, akapika vya watu wawili, akala huku analia.

Kesho yake alipiga simu jimboni kuuliza hela yake. Karani alikuwa mpole. Alisema kumbukumbu zinaonyesha Ailie hajawahi kuolewa, ila deni la mume linabaki palepale, kwa sababu madeni yanashughulikiwa na idara nyingine. Ailie akauliza hela iliyokatwa alipewa mtoto gani. Karani akatafuta, hakuona mtoto. Akamwambia anaweza kulipinga deni, lakini likifutwa, jina la Duane litafutwa kila mahali.

"Na nisipopinga?"

"Tutaendelea kukata kila mwaka, mama. Kwa jina lake."

"Basi kateni," alisema Ailie. "Lakini kwanza hebu nisomee hilo jina."

Karani akamsomea. Ailie akamwomba arudie, na yule akarudia.

Tangu hapo wanakata. Tanuri halijanunuliwa. Barua ikifika, Ailie huisomea palepale kwenye sanduku la posta, na Bev akimwona huuliza kama Duane hajambo.

"Hajambo," husema Ailie. "Bado anadaiwa."