Gemu ya Kujaribiwa Mara Moja

Jamani, mtu anaweza kuharibu kitu kwa uaminifu. Si kwa uvivu, si kwa wizi, kwa uaminifu mtupu. Hivyo ndivyo Mkaguzi alivyoiharibu gemu ya mkunga Jumatatu, saa tatu na dakika chache asubuhi, hata chai hajaimaliza.

Mkaguzi si jina lake. Ni jina alilopewa na wateja wa duka la mjomba wake, na lilimkaa barabara. Huyu dada akipewa kalamu asaini, kwanza anachora kwenye kiganja. Akinunua balbu, muuzaji aiwashe. Yai analitikisa sikioni. Na dukani ndiyo usiseme! Duka lenyewe ni chumba kimoja: rafu tatu za diski za gemu, mpya na zilizotumika, kaunta, runinga ukutani, na chini yake mashine ya kuchezea. Ukitaka diski, inaingizwa kwenye mashine mbele ya macho yako, unaiona inafunguka, ndipo unaondoka nayo. Mjomba alianza na sheria hiyo miaka kumi na mbili iliyopita, akaiandika ukutani kwa herufi kubwa: HAKITOKI KITU HAPA BILA KUJARIBIWA. Watu wanapita maduka mengine manne kuja kwake kwa ajili ya maneno hayo.

Sasa mjomba magoti yamemchosha. Kuna kinyozi anakitaka hicho chumba, kila siku akipita anakipima kwa macho, viti viwili pale, kioo hapa. Mkaguzi naye anakitaka, tena kwa roho yote. Amesoma chuo, amefanya kazi ofisi mbili, na duka hili ndiyo kazi pekee anayoiamkia bila kuamshwa. Kwa hiyo mjomba, kabla ya kusafiri kwenda kuchukua mzigo, alimkalisha.

"Mpwa wangu, nakuachia wiki moja. Daftari la wateja lile pale kaunta. Nikirudi Jumamosi nikikuta hakuna lalamiko, duka ni lako. Nikilikuta, namwambia kinyozi alete viti vyake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mjomba."

"Hata moja."

"Nimesikia, mjomba. Hata moja."

Akaondoka Jumapili. Jumatatu asubuhi mzigo wa mkunga ukafika.

Huyu mkunga ni mteja wa siku nyingi, mama wa makamo, kazini kwake wanamwogopa mpaka madaktari, na nyumbani anacheza gemu kama hana akili nzuri. Alikuwa ameagiza gemu mpya ya kujenga reli milimani tangu miezi miwili nyuma, akapanga na likizo yake: siku saba, simu imezimwa, yeye na reli zake. Mkaguzi akalifungua kasha. Nje picha ya treni inapanda mlima, tamu kuitazama. Ndani, hakuna diski. Kuna kikaratasi chenye ukanda wa fedha, kama vocha ya simu.

Tuseme ukweli, Mkaguzi alijua ni nini. Gemu za kupakua nani hazijui siku hizi? Alishasikia kwamba kampuni zimeanza kuuza makasha yenye karatasi badala ya diski, ila hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuingia dukani kwao. Kichwa kilijua. Lakini mikono, weee, mikono ina akili zake. Mkono wa kushoto ulishachukua ufunguo, ukakwangua. Wa kulia ulishashika pedi ya kuchezea, ukaingiza namba moja moja kwenye mashine ya duka, kuona kama ni nzima. Mashine ikauliza: Endelea? Akabonyeza. Ikauliza tena: Una hakika? Akabonyeza, maana mkaguzi haishii njiani.

Runinga ikaandika: Hongera, gemu hii sasa ni yako.

"Nzima," alisema Mkaguzi kwa kuridhika, na akaiandika kwenye orodha ya vilivyojaribiwa. Alikuwa amefika kwenye nukta ya mwisho ndipo kichwa kikaifikia mikono.

Akachomoka hadi mlango wa pili kwa binamu yake, fundi cherehani, binti wa huyohuyo mjomba. Binamu alikuwa anapindia suruali, pini mdomoni. Alisikiliza yote bila kusimamisha mguu.

"Yaani umeijaribu," alisema, pini zikitoka moja moja, "mpaka ikaisha."

"Usinicheke, binamu."

"Sijacheka bado, ngoja nitoe pini." Akatoa, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho. "Haya, sikiliza. Mwambie namba ilikuja mbovu. Wakala katuma karatasi iliyotumika. Nani atajua? Wewe, mimi na hiyo mashine, na mashine haina mdomo."

"Wakala atasema alituma nzima."

"Atasema nini, yuko mbali. Wewe unataka duka au unataka pepo?"

Mkaguzi akampigia wakala. Karatasi nyingine haipatikani mpaka mzigo wa wiki ijayo, na namba ikishatumika, imetumika. Alirudi dukani akalifunga kasha, akalifungua, akajifunza ile sentensi ya binamu: namba ilikuja mbovu, mama, pole sana. Aliisema mara tatu mbele ya rafu. Ya tatu ilitoka vizuri kabisa, hata yeye angejiamini.

Saa nne mkunga akaingia, kabeba mashine yake kwenye mfuko begani, maana kwake intaneti inakwenda kwa magoti na alitaka kupakulia hapo dukani.

"Mwanangu! Iko wapi? Jana sikulala vizuri, naota mataruma tu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Iko wapi?"

Mkaguzi akafungua mdomo aitoe ile sentensi. Macho yakagonga ile karatasi ya vilivyojaribiwa, jina la gemu, alama ya vema, wino wake mwenyewe, na sentensi ikakataa kutoka.

"Mama, nimeiharibu. Haikuja na diski, imekuja na namba. Nikaijaribu kwenye mashine yetu kama tunavyojaribu vyote. Sasa imekuwa ya duka. Haihamishiki."

Mkunga akaushusha mfuko polepole. "Haihamishiki vipi?"

"Imefungwa kwenye akaunti ya hapa."

"Kama mtoto aliyeandikishwa kwa jina la jirani."

"Hivyo hivyo, mama. Nyingine ni wiki ijayo."

"Wiki ijayo mimi niko zamu." Mkunga akamtazama kwa yale macho yanayotisha madaktari. "Mwanangu, diski ijaribu mara mia, ni ileile. Hii wewe umejaribu njiti ya kiberiti. Umeiwasha ukaona inawaka, sasa unanipa kijiti cheusi nikapikie."

"Nisamehe, mama. Nitakurudishia chako chote."

"Sitaki kurudishiwa. Nataka reli. Lete daftari."

"Mama, tafadhali..." Na hapo Mkaguzi akamweleza yote, Jumamosi, kinyozi, hata moja. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole," alisema. "Lete daftari. Kazini kwangu kisichoandikwa hakikufanyika. Na hiki kimefanyika."

Akaandika, kwa mwandiko wa kutulia, na tarehe na saa. Kisha akazunguka kaunta, akavuta kiti cha mjomba, akaketi mbele ya runinga na kuichukua pedi.

"Unafanya nini, mama?"

"Gemu si iko humu? Basi na mimi nitakuwa humu. Mnafungua saa ngapi?"

Hiyo ndiyo ikawa wiki yenyewe. Saa mbili na nusu mkunga yupo mlangoni na chupa yake ya chai, saa kumi na moja anaaga. Mteja akitaka kujaribiwa diski, inabidi mkunga aombwe.

"Mama, dakika moja tu, tujaribu hii."

"Treni iko darajani! Asubiri abiria washuke."

Mteja anasubiri abiria washuke. Wengine walisahau walichofuata, wakasimama kumfundisha pa kuchimba handaki, wakafukuzwa. Binamu akaleta vifungo vyake, akawa anashonea hapo. Kinyozi alipita Alhamisi kupima chumba, akaambiwa asogee, anaziba runinga.

Mkaguzi aliuza, alijaribu, alicheka pale pa kucheka. Lakini kila jioni akifunga, daftari lilikuwa palepale, na ukurasa ulikuwa uleule. Binamu alishauri uchanwe, au umwagikiwe chai, bahati mbaya. Haukuchanwa.

Jumamosi mjomba akaingia na begi la mzigo, akichechemea, akamkuta mkunga kwenye kiti chake.

"Habari za safari," alisema mkunga bila kugeuka.

"Nzuri... Vipi tena?"

"Soma daftari."

Mjomba akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: "Jumatatu, saa nne na robo. Gemu yangu imejaribiwa na muuzaji hadi ikawa yake. Amekiri mwenyewe bila kuulizwa. Nimelalamika. Nacheza hapahapa." Akavua miwani. "Mpwa wangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Hili ni lalamiko."

"Ni lalamiko, mjomba."

"Mtu mzima umesoma, unajua namba inatumika mara moja. Mimi sikusoma na najua. Najua tangu zamani!" Na huku anasema anatoa mzigo begini. Alikuwa amebahatika kupata makasha matatu ya gemu ileile huko alikokwenda. Akafungua moja, akatoa kikaratasi. "Mtu anaacha kutumia kichwa, anatumia mikono tu," aliendelea, na ukucha wa dole gumba ukaanza kukwangua. "Mkono hauna shule. Mama, hebu niazime hiyo pedi mara moja, niangalie kama hizi..."

"Mjomba!" Mkaguzi aliruka kaunta, nakwambia aliruka, akampokonya kikaratasi mkononi.

Mjomba akautazama ukucha wake. Ulikuwa na unga wa fedha. Namba nne za kwanza zilikuwa zimeshaonekana.

Binamu akainamia vifungo vyake, akaanza kukohoa. Mkunga akasimamisha treni.

"Na wewe nikuandike?" aliuliza.

Mjomba alijifuta kidole kwenye shati, taratibu. Mkaguzi akakirudisha kikaratasi kwenye kasha, akampa mkunga kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, mama. Haijaguswa. Imekwanguliwa kidogo tu."

Mkunga akaligeuza kasha, mbele, nyuma. "Na nani kaijaribu?"

"Hakuna."

"Sasa nitajuaje kama ni nzima?"

Mkaguzi alimtazama mjomba, mjomba akamtazama yeye. Kwa miaka kumi na mbili swali hilo lilikuwa na jibu moja.

"Hutajua, mama," alisema Mkaguzi. "Hakuna anayejua mpaka uitumie. Ipakue hapahapa kwa mashine yako. Ikikugomea, leo au siku yoyote, unarudi. Utanikuta."

Akajisikia amelisema neno hilo, kana kwamba duka lilikuwa lake tayari, akangoja.

Mjomba akalisogeza begi kwa mguu ili akae kwenye stuli, maana kiti chake bado kilikuwa na mwenyewe.

"Umesikia, mama," alisema. "Utamkuta."