Mbweha Aliyekohoa

Katika kijiji kimoja, kule mashariki mwa Uingereza, enzi za kale mke akishikwa na uchungu mume alifukuzwa chumbani. Madirisha yalifungwa, tundu la ufunguo likazibwa kitambaa, na majirani wanawake wakajazana humo na bia ya moto pamoja na jibini aliyoinunua mume bila kualikwa kuionja. Wanawake hao waliitwa godsib, yaani ndugu kwa Mungu, maana mmoja wao ndiye angempeleka mtoto kanisani akabatizwe na kupewa jina. Mzazi mwenyewe alibaki kitandani.

Thomasin Pettet alishakula jibini ya nyumba zote za mtaa, lakini hakuna aliyempa mtoto wa kumsimamia. Waume waliuogopa ulimi wake.

Sisley alipojifungua binti, akasema, "Safari hii ni Thomasin."

"Labda nife kwanza," mumewe, Hamon, akadakia nyuma ya mlango. "Atasimama mke wa mwenye kinu cha kusaga. Huyo wako mdomo wake ungo, hauhifadhi maji."

Thomasin hakununa. Alijikatia jibini, akasogeza kigoda hadi mlangoni, akapaza sauti.

"Jamani, mnamkumbuka bata bukini wa Sisley, yule aliyeliwa na mbweha?"

"Nilimlilia wiki nzima," Sisley akasema.

"Pole, shoga. Mbweha huyo nilimwona kwa macho yangu. Alivaa buti."

Vikombe vilisimama njiani.

"Buti tena?"

"Buti, mwenzangu, na ndevu nyekundu. Kakaa nyuma ya kilabu na wenziwe, anatafuna paja, mafuta yanamchuruzika mpaka kiwikoni."

Nje ya mlango mtu akakohoa. Wanawake wote wakageuza shingo.

"Jina lake ninalo," Thomasin akaendelea, taratibu. "Shida yangu moja: siri ya mtu baki hainikai tumboni. Ya ndugu, hata mnichinje sisemi. Na mimi humu ndani nimekataliwa undugu."

Kisha sauti ya Hamon ikapenya, nyembamba kama uzi.

"Dada Thomasin, mtoto utampa jina gani?"

"Thomasin," akajibu, akaomba kipande kingine cha jibini.

Jumapili akambeba mtoto hadi kanisani, kifua mbele. Na ahadi aliitimiza: jina la mbweha hakulitaja hadi anaingia kaburini. Alitaje ya nini, nyumba nzima ilishasikia kikohozi? Jioni ileile Hamon alipoingia kilabuni walimkaribisha kwa kubweka, na nyumbani kila akiuliza nyama, Sisley alimwambia akamuulize mwenye buti.

"Nani kawaambia?" aliwauliza wanywaji wenzake.

"Si hao godsib."

Hamon akalitema neno hilo kama mfupa uliomkwama kooni. Tangu hapo, kinywani mwake, halikuwa tena undugu wa Mungu. Lilikuwa umbeya mtupu. Na wanaume wenzake, kila mmoja na bata wake, wakalidaka, hata leo Waingereza umbeya huuita gossip.