Chumvi Kwenye Pipa la Sabuni

Nyamusi alimchukia Valary kwa moyo wake wote, wala hakuona haya. Nani aliwafundisha akina mama wa Rangwe kutengeneza sabuni ya maji? Yeye. Nani alianzisha kikundi? Yeye. Halafu wiki iliyopita wamekaa kikao bila yeye, wakamfanya Valary mwenyekiti, eti Nyamusi ni wa kuja. Aliolewa huku kutoka Kisii, akazaa huku, akamzika mume huku, na bado ni wa kuja.

Leo alikuwa akikorogea kikundi pipa la mwisho kabla ya kukabidhi mwiko. Na leo hiyo hiyo mpishi mkuu wa shule moja ya bweni alikuwa njiani kuja kuikagua sabuni. Akiipenda, kikundi kingeuzia shule mwaka mzima. Asipoipenda, kila mtu arudi kuanika dagaa wa omena.

"Nyar Kisii, sabuni yako ni nyepesi," Valary alisema, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo, kisha akamnyang'anya mwiko na kuuinua juu. "Huyo mpishi atasema tumemletea uji wa mgonjwa."

Huko sabuni hupimwa kwa macho. Mwiko ukiinuliwa, iteremke kwa uzi mrefu usiokatika. Isipovutika, hata kama ingeng'oa masizi ya miaka kumi, hakuna atakayeigusa.

Nyamusi alijua siri ya ule uzi. Chembe za sabuni, ndogo zisizoonekana kwa jicho, hukaa zikisukumana kama wake wenza. Chumvi kidogo huzituliza. Husogeleana, zikashikana minyororo mirefu inayosokotana, na sabuni ikawa nzito. Lakini chumvi ikizidi, minyororo hulegea na pipa zima hugeuka maji. Hilo la pili hakuwahi kumfundisha mtu. Na chumvi ya pipa hili ilikuwa imefika ukingoni, ingawa Valary aliutaka uzi mrefu zaidi.

"Chumvi imetosha," alisema.

Valary alibetua midomo. Nyamusi aliiona ile midomo na papo hapo akajua la kufanya, kwa maana huyu mwanamke ukimwambia mvua inakuja, ndipo anapoanika nguo. Akapaza sauti wote wasikie.

"Nakukataza, Valary! Usiongeze hata kijiko. Mimi najua hii kazi kuliko nyinyi wote."

"Unanikataza? Mimi, hapa kwetu?" Valary aliwageukia wenzake. "Si mmesikia? Hataki ivutike. Anataka tuaibike!"

Akamimina kikombe kizima cha chumvi, akakoroga kwa hasira. Mwiko ukaanza kuwa mwepesi mkononi mwake. Akadhani haijakolea, akaongeza cha pili, kisha cha tatu. Nyamusi alikunja mikono kifuani akatazama. Raha aliyoisikia ilikuwa tamu kuliko asali.

Mpishi mkuu alishuka kwenye bodaboda, akaamkiwa, akauinua mwiko. Sabuni ikachuruzika kama maji ya kunawia miguu. Aliuinua tena, asije akaonekana mkorofi. Kisha akashukuru na kuaga, soda yake haijafunguliwa.

Hapo akina mama wakamrukia Valary kwa maneno. Alikatazwa mbele ya watu! Kichwa gani hicho! Valary alikalia ndoo iliyopinduliwa akalia kamasi zikimtoka, na Nyamusi hakumwonea huruma hata chembe.

Nyakerario ndiye aliyemsogelea. Naye alikuwa ameolewa kutoka Kisii, na katika kikundi kile Nyamusi hakuwa na rafiki mwingine.

"Ulijua atafanya nini ukimkataza hivyo," alisema polepole.

"Nilimwambia ukweli. Wote wamesikia."

"Ulimwambia kwa sauti ya kumfanya asiusikie. Mimi nakujua, dada." Nyakerario alifuta mikono kwenye leso. "Wiki iliyopita walipokuita mgeni, nilisimama peke yangu. Nikawaambia hili pipa ni lako, huwezi kulitakia mabaya."



Nyakerario alimwacha, akaenda kumwinua Valary kwenye ile ndoo. Akina mama wakainama kulimwaga pipa. Lilikuwa zito, kwa hiyo waliitana mmoja mmoja kwa jina, njoo ushike huku, na wewe njoo ushike kule, mpaka wote wakawa wamelizunguka. Jina la Nyamusi halikuitwa.

Sabuni ilimpita miguuni, nyepesi kama maji, ikaelekea mtaroni.